Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Bloons TD 6, Gemu ya Kima na Maputo

Haya ndiyo maswali ambayo watu wa Mombasa wananiuliza tangu waliponijua kuwa mcheza Bloons. Wengine ni vijana wa barazani Mji wa Kale, wengine ni wazazi wa Kisauni wanaotaka kujua pesa zao zinakwenda wapi. Maswali mengine nimeyajibu kwa urefu, mengine juu juu, kulingana na uzito wake.

Hii ni gemu ya namna gani hasa?

Ni gemu ya kulinda njia. Kwenye kioo unaona ramani. Maputo yanaingia upande huu na kutafuta kutokea upande ule. Kila puto linalotoka linakula roho zako, na roho zikiisha umeshindwa. Kazi yako ni kupanga kima kando ya njia wayatoboe kabla hayajafika. Kila puto linalopasuka linakupa pesa, na kwa pesa hizo unanunua kima wapya au unawaongezea silaha walioko.

Watengenezaji ni Ninja Kiwi wa New Zealand, kampuni iliyoanzishwa 2006 na ndugu wawili, Chris na Stephen Harris. Bloons TD ya kwanza ilitoka 2007, enzi za kulipia dakika saiba ili ucheze kwenye kompyuta. Hii ya sita ilitoka kwenye simu Juni 2018, na Desemba mwaka huo ikaingia Steam, duka la gemu za kompyuta. Mpaka leo inaongezewa ramani, mashujaa na kima, ilhali gemu nyingi za simu za rika lake zimeshasahaulika.

Rangi zote zile ni za nini? Si za kuwavutia watoto tu?

Anayeuliza hivi huwa amechungulia simu ya jirani ndani ya matatu, na simlaumu. Ukiitazama kwa mbali ni vurugu ya rangi tu. Ukikaa nayo unagundua kwamba kila rangi ina habari ndani yake, na asiyeweza kuzisoma hafiki mbali.

Puto jekundu ndilo dhaifu: mshale mmoja, limekwisha. Ndani ya la buluu mna jekundu, ndani ya la kijani mna la buluu, ndani ya la manjano mna la kijani, na ndani ya la waridi mna la manjano. Kwa hiyo la waridi moja lataka kutobolewa mara tano. Tena ndilo lenye mbio kuliko maputo yote ya kawaida. Anayeanza huhangaika na makubwa ya nyuma, huku ya waridi yameshampita.

Juu ya hapo mambo yanapinda. Jeusi na jeupe ni madogo kwa umbo, lakini kila moja limebeba mawili ya waridi. Jeusi halisikii bomu, jeupe halisikii barafu. La zambarau halijali moto wala uchawi. Lenye mistari ya punda milia limebeba jeusi moja na jeupe moja, na limerithi kinga za yote mawili. La rangi za upinde wa mvua lina ya punda milia mawili ndani. La kauri lina ya upinde wa mvua mawili, na ganda lake peke yake linataka kupigwa mara kumi kabla halijavunjika. Piga hesabu kuanzia ganda mpaka jekundu la mwisho: mapigo 104, kwa puto moja.

Mzoefu akiona rangi inayochungulia mlangoni ameshajua kitakachomwagika kutoka ndani yake, na kima gani wa kumwekea. Hapa watengenezaji wamefanya kazi ambayo wengi wanaijaribu na kushindwa: hawakukurundikia maelezo, wameiachia rangi iseme.

Mimi sitofautishi vizuri nyekundu na kijani. Nitaweza?

Utaweza, ila mwanzoni utasumbuka kidogo na ya chini, maana jekundu, buluu na kijani yote yana umbo moja. Bahati ni kwamba hayo ndiyo yasiyo na hatari. Yenye hatari yana alama zaidi ya rangi: ya kauri yana nyufa, ya punda milia yana mistari, yanayojificha yana madoa, yenye kujiponya yana umbo la moyo, na yale yaliyoimarishwa yamefungwa mikanda.

Raundi ya 28 mishale yangu yote inagonga puto na kuanguka. Simu imeharibika?

Simu ni nzima. Hilo ni puto la risasi, lile la kijivu cha chuma, na katika mpangilio wa kawaida raundi hiyo ndiyo yanapoingia kwa mara ya kwanza. Kitu chenye ncha hakiliingii: mshale, msumari, nyota za ninja, vyote ni kazi bure. Unasikia mlio wa chuma, kisha unalitazama likipita mbele ya kima wako wote bila haraka, mmoja mmoja wanalirushia na haliwajali, mpaka linatokea mlangoni. Limebeba meusi mawili, kwa hiyo likitoka zima linakula roho 23.

Dawa yake ni rahisi ukijiandaa mapema. Bomb Shooter mmoja anatosha. Kama unapenda Sniper Monkey, mnunulie hatua ya kwanza ya njia ya juu ya kuboresha (njia hizo nimezieleza chini), risasi zake zitapasua chuma. Au weka Alchemist katikati ya wenzake umpandishe hatua mbili za njia ya juu. Atakuwa anawapaka wenzake tindikali, na hata yule wa mishale ya kawaida atatoboa. Usisubiri uyaone ndipo ununue.

Na mengine yanapita huku kima wameduwaa tu, hawarushi chochote.

Hayo ni ya kujificha, yenye madoa ya nguo za jeshi. La kwanza huja raundi ya 24, moja tu, la kijani, na hilo moja limewaliza wengi. Ninja Monkey anayaona tangu siku unayomnunua. Sniper anahitaji hatua ya kwanza ya njia ya kati. Dart Monkey anahitaji hatua ya pili ya njia ya chini. Ukishakuwa na kundi kubwa, jenga Monkey Village na uipandishe hatua mbili njia ya kati, kila aliye ndani ya duara lake atafunguka macho. Hii ya mwisho ni ghali kidogo lakini inakuondolea mawazo.

Nianze na kima gani?

Ramani ya kwanza, Monkey Meadow, kiwango rahisi: Dart Monkey wawili, halafu shujaa (kima wa pekee, mmoja tu kwa kila mchezo), halafu Ninja kabla ya raundi ya 24 na mwenye mabomu kabla ya 28. Baada ya hapo jaribu unavyotaka. Usinunue kima wengi wasio na silaha. Wachache walioboreshwa wanafanya kazi kuliko umati, na hili linawashinda hata watu wazima.

Hizi njia tatu za kuboresha zinafanyaje?

Kila kima ana njia tatu, na kila njia ina hatua tano. Huwezi kuzijaza zote. Njia moja unaipandisha mpaka ya tano, ya pili inakomea hatua mbili, ya tatu haiguswi kabisa. Kwa hiyo wachezaji wanaandika 5-2-0 au 0-2-5, wakimaanisha juu, kati na chini. Kima wawili wa aina moja wanaweza kuishia kuwa viumbe tofauti kabisa. Dart Monkey wa njia ya juu anaishia kurusha tufe kubwa la miiba, wa njia ya chini anashika upinde wa chuma na kulenga kwa umbali.

Hatua ya tano ya kila njia ni moja tu kwa wakati mmoja kwenye ramani, na ni ghali. Tangu 2021 kuna pia Paragon: ukiwa na hatua za tano zote tatu za aina moja ya kima, unaweza kuwaunganisha wawe kitu kimoja chenye nguvu za kutisha. Anayeanza asijishughulishe nacho.

Kinachokera ni kwamba hatua hizi hazifunguki bure. Kila kima lazima utumie muda naye ndipo apate uzoefu wa kufungua hatua inayofuata. Wiki za mwanzo unajikuta unamtumia kima usiyempenda ili tu ufungue silaha zake.

Niwaweke wapi?

Ukiwa na nafasi, ingia Fort Jesus na simu yako mfukoni. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, na ukisimama kwenye moja ya zile pembe zilizochomoza utaelewa gemu hii kuliko kwa video kumi. Aliye kwenye pembe moja anaona ukuta wa pembe ya pili, kwa hiyo adui anayeukaribia ukuta anapigwa kutoka pande mbili. Hakuna mahali pa kujibanza.

Kwenye ramani ni vivyo hivyo. Mahali pa thamani ni pale njia inapojikunja, kwa sababu kima mmoja anailinda inapokwenda na inaporudi. Tack Shooter, anayerusha misumari pande zote lakini karibu karibu, ukimweka kwenye njia iliyonyooka umemtupa. Mweke ndani ya kona, atakulipa. Wenye masafa marefu waache nyuma. Sniper halazimiki hata kuwa karibu na njia, anaona ramani nzima isipokuwa pale penye kizuizi, kwa hiyo usimpe kiti cha mbele ambacho mwenzake anakihitaji.

Ramani za maji zina kima wao: nyambizi na jahazi la vita haviwekwi nchi kavu. Na ukipata ramani yenye njia mbili, usizigawe nguvu zako nusu kwa nusu. Tafuta mahali zinapokutana, hata kama ni karibu na mlango wa kutokea.

Shujaa gani ni bora?

Unachagua mmoja kwa kila mchezo, na anapanda ngazi mwenyewe kadiri raundi zinavyokwenda, mpaka ya 20. Quincy, mpiga upinde, unapewa tangu mwanzo na si wa kudharau. Mimi chaguo langu ni Sauda, mwenye panga mbili. Jina lake utalisikia kwenye harusi yoyote ya Mji wa Kale, lakini sijampendea hilo. Kwa kiwango cha kati anagharimu 600 na wewe unaanza na 650, kwa hiyo unaweza kumweka wa kwanza kabisa na akashika raundi za mwanzo karibu peke yake. Udhaifu wake ni mkono mfupi. Ukimweka mbali na kona, ameharibika.

Wengine utawafungua kwa pesa za gemu unazoshinda. Usiwanunulie kwa shilingi.

Banana Farm ina faida au inapoteza nafasi?

Ni shamba la ndizi linalokuzalishia pesa za mchezo. Ina faida ukiipanda mapema na ukiwa na ulinzi tayari. Ukiipanda huku maputo yanavuja, unalima huku nyumba inaungua.

MOAB ni nini, na mbona kila mtu anaiogopa?

Ni puto la umbo la ndege, la buluu, linaloingia mara ya kwanza raundi ya 40. Linavumilia mapigo 200, na likipasuka linamwaga ya kauri manne. Raundi ya 60 huja BFB, jekundu, mapigo 700, ndani yake MOAB nne. Raundi ya 80 huja ZOMG, jeusi, mapigo 4,000, ndani yake BFB nne. Raundi ya 100 huja BAD, mapigo 20,000, na huyo akishapasuka bado anakuachia ZOMG mbili na DDT tatu.

Wengi wanajiandaa na hayo makubwa na wanasahau DDT. Ni dogo kuliko BFB na wakubwa wake, mapigo 400 tu, lakini lina mbio kali, linajificha, halisikii mabomu wala vyenye ncha. Yaani kila ulichojifunza juu ya rangi linakuuliza kwa mara moja. Yanaanza raundi ya 90. Nimeona mtu mwenye ulinzi wa kuangusha ZOMG bila jasho akimalizwa na DDT kabla hajashusha kikombe cha kahawa.

Pia iogope raundi ya 63, ya risasi na ya kauri yakiwa yamebanana. Haina ndege hata moja, ndiyo maana watu wanaidharau.

Viwango vya ugumu vinatofautianaje?

Rahisi ni raundi 40 na roho 200. Cha kati ni raundi 60 na roho 150. Kigumu ni 80 na roho 100, na bei zinapanda. Impoppable ni raundi 100 na roho moja. Mwisho kuna CHIMPS: hakuna kuendelea ukishindwa, hakuna kupoteza hata roho moja, hakuna mashamba ya mapato, hakuna msaada wa aina yoyote, na kima uliyemweka huwezi kumuuza. Hapo ndipo utajua kama unaijua gemu au ulikuwa unabahatisha.

Ni ya bure? Nalipaje bila kadi ya benki?

Si ya bure. Unainunua mara moja, na bei utaiona dukani kwenye simu yako. Hushushwa mara kwa mara, kwa hiyo kama huna haraka, vizia. Kwa asiye na kadi, M-PESA GlobalPay inakutengenezea kadi ya Visa ya mtandaoni kutoka kwenye laini yako. Safaricom na Visa waliizindua 2022. Ukishaiweka kwenye akaunti ya duka, umemaliza.

Na tafadhali, usipokee faili la bure kutoka kwa rafiki wa rafiki. Maendeleo yako hayatakuwa salama, na huwezi kujua ni nini kingine umekiingiza kwenye simu yenye M-Pesa yako.

Baada ya kununua kuna kulipishwa tena?

Hulazimishwi, na hakuna tangazo linalokukatiza mchezo. Lakini vipo vya kuuzwa ndani, na kwa gemu uliyoilipia hili linaudhi. Kinachojulikana zaidi ni Double Cash, kinachokuzidishia pesa mara mbili ndani ya mchezo. Ushauri wangu ni kukiacha. Raha yote ya gemu hii ni kuchagua kati ya kima huyu na yule kwa kuwa pesa hazitoshi. Ukishakuwa nazo tele, unabaki kutazama rangi zikipasuka.

Inakula bando?

Kidogo sana. Ipakue na uisasishe kwenye Wi-Fi, halafu ramani za kawaida zinachezeka hata bila intaneti. Mashindano, mabosi na kucheza na wenzako ndivyo vinavyohitaji mtandao. Tena inajihifadhi kila raundi, kwa hiyo feri ikifika Likoni unafunga simu na kuendelea nyumbani ulipoishia. Kwenye ngazi za feri simu iwe mfukoni, hilo halihitaji maelezo.

Simu yangu inachemka na kukwama raundi za mwisho. Nifanyeje?

Hapa ndipo gemu hii inaponiudhi. Baada ya raundi ya 80 kioo kimejaa miale, milipuko, nambari na mamia ya maputo kwa pamoja, na zile rangi zilizokuwa zikikuambia kila kitu zinazama. Huoni kilichopita, unaona roho zikipungua tu. Simu ya kumbukumbu ndogo inaanza kusuasua, na kwa joto letu la Februari hata simu nzuri inaunguza kiganja.

Vua kava. Punguza mwanga wa kioo. Zima programu nyingine. Zima ule mwendo wa kasi raundi nzito zinapoingia. Usicheze simu ikiwa kwenye chaji, na kama stima imekatika na feni haizunguki, ahirisha. Kubwa kuliko yote, jenga kima wachache wenye hatua za juu badala ya hamsini wadogo. Risasi zinazoruka zikipungua, simu inapumua.

Mwanangu wa miaka tisa anaipenda. Nimwache?

Mama, mwache, kwa masharti mawili. Hamna damu wala matusi. Kinachopasuka ni maputo. Anajifunza kupanga na kuhesabu bila kujua. Sharti la kwanza: weka nywila kwenye duka kwa kila ununuzi, leo hii, kabla hujamrudishia simu, kwa sababu vifungo vya kununua vipo na mtoto anabonyeza chochote kinachong'aa. La pili ni muda. Mchezo wa raundi 80 unachukua muda mrefu, na yeye atakuambia "bado kidogo" mpaka madrasa imeanza. Mwambie amalize raundi aliyomo kisha afunge, hapotezi kitu. Akikuambia atapoteza, anakudanganya.

Naweza kucheza na wenzangu?

Ndiyo, mpaka watu wanne kwenye ramani moja. Anayefungua anapewa namba ya siri, wengine wanaiingiza. Pesa zinagawanywa, na mnaweza kupeana. Barazani hii ndiyo inayonoga zaidi, kwa kelele na lawama. Kubalianeni mapema nani anashughulika na ya kujificha na nani na risasi, la sivyo nyote mtanunua Super Monkey, kima wa gharama kubwa, na raundi ya 28 itawakuta mikono mitupu. Mwenye mtandao mbovu asiwe ndiye aliyefungua.

Kwa jumla, unaipa ngapi?

Nane kwa kumi. Moja nimeikata kwa fujo ya raundi za mwisho, moja kwa duka la ndani na menyu zilizojaa masanduku na alama nyekundu zinazokuita ubonyeze. Mtu anayetaka gemu ya hadithi na vita vya askari, aitafute Kingdom Rush ya Ironhide, kampuni ya Uruguay. Ni nzuri pia, ila ukiimaliza umeimaliza.

Nikibadilisha simu, nanunua tena?

Ukibaki kwenye duka lile lile na akaunti ile ile, hapana, unaipakua tu. Ukihama kutoka Android kwenda iPhone, au ukitaka iwe kwenye kompyuta, gemu utainunua upya. Maendeleo yako yanakufuata kama ulifungua akaunti ya Ninja Kiwi, kwa hiyo ifungue mapema, kwenye mipangilio, na uandike barua pepe unayoikumbuka. Simu ikiibiwa kabla hujafanya hivyo, utaanzia Monkey Meadow na kima wawili wa mishale.